Mwanamke Anayeilaza Mizabibu

Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini jioni. Likizo fupi ya Septemba.

Nimekaa kwenye kreti lililopinduliwa nyuma ya nyumba yetu, hapa kwenye nyumba za wafanyakazi. Mama amerudi kutoka kiwandani sasa hivi, na wakati anavua buti akasema kesho asubuhi trekta linakuja kung'oa kitalu cheusi. Alisema kama anavyosema chumvi imekwisha. Mimi sikujibu, maana mimi huwa sijibu. Nikachukua daftari nikatoka.

Kitalu cheusi ni cha Bibi Msimamizi. Shamba lote ni la Mwenye Shamba, hilo kila mtu analijua, lakini mizabibu ya kitalu kile aliileta yeye kutoka Dodoma ikiwa pingili tu, vijiti vimefungwa kwenye magunia mabichi, na yeye mwenyewe amekaa nyuma ya lori akiyanyunyizia maji njia nzima. Akavipanda pale chini, kwenye tambarare, mimi sijazaliwa. Sasa Mwenye Shamba anapataka pale. Anataka kuweka mahema ya wageni wanaokwenda kreta, kwa kuwa pale msitu wa Ngorongoro unaonekana wote bila kitu cha kuuzuia, na zile zabibu nyeusi anasema zinatoa divai nyepesi, haina maana. Bibi alimwambia mbele ya watu, "Nipe msimu mmoja." Akapewa. Zikiiva vizuri zinabaki, zisipoiva zinang'olewa.

Hazikuiva.

Basi naandika habari zake leo, kabla ya kesho. Sijui alizaliwa mwaka gani wala baba yake alikuwa nani, na sidhani yeye angependa niandike hayo. Nitaandika ninayoyajua.

Anavaa koti la kiume la kaki lenye mifuko minne, na ndani ya koti kanga mbili, hata jua likiwa kali. Mkasi wa kupogolea ameufunga kwenye kifundo cha mkono kwa upindo wa kanga, kwa hiyo akikusalimia kwa mkono mkasi unakuja pia. Asubuhi, kabla ya sisi, anasalimia mizabibu. Anasimama mwanzo wa mstari na kusema, "Mbukwenyi," ambayo ni salamu ya Kigogo ya kusalimia watu wengi, kisha anangoja kidogo. Wakati huo ukungu unakuwa umeshuka kutoka ukingo wa kreta mpaka kwenye waya za kwanza, nguzo zinaonekana nusu, na yeye anaonekana nusu, na mimi huwa nahisi kama kweli kuna kitu kimeitikia ila mimi ndiye sikusikia.

Kila aina ya zabibu ameipa tabia. Zile nyeupe za kitalu cha juu, ambazo jina lao la kigeni sisi tumelifupisha tukaita Sheni, anasema ni binti wa mjini. Wingu likipita tu, umemtoka ubwiri, ule ukungu mweupe wa majani, unakimbilia salfa. Sira, zile za katikati, ni kijana anayekua haraka. Jana umemfunga kwenye waya, leo miguu iko kwa jirani. Nyeusi za chini hakuzipa tabia. Nilimsikia mtu akimuuliza, "Na hizi zako je, Bibi?" Akasema, "Hao ni watu wazima. Watu wazima hawasemwi."

Lakini jambo linalomfanya Bibi awe Bibi ni kuilaza mizabibu.

Kwa wasiojua: mzabibu ni mti wa nchi zenye baridi kali. Huko kwao majani yanaanguka yenyewe, mti unalala, halafu unaamka. Kwetu Karatu kuna baridi, ndiyo, Julai unavaa masweta mawili, lakini si baridi ya kuulaza mti. Usipoulaza wewe mwenyewe utakaa macho mwaka mzima, unachipua huku, unazaa kule, mpaka unachoka na kuharibika. Kwa hiyo baada ya mavuno Bibi anafunga maji. Siku za kwanza mizabibu inakuwa kama haijaelewa. Halafu majani yanalegea, yanapoteza ule mng'aro, na siku moja Bibi anakunja jani moja sikioni, analisikiliza, anasema, "Haya." Hapo wanawake wote wanaingia kuchuma majani kwa mkono, moja moja, mpaka mstari mzima unabaki vijiti vya kijivu juu ya waya. Baada ya hapo inaachwa. Hakuna kupalilia, hakuna kupulizia dawa.

Kazi hiyo ya majani ndiyo iliyonikutanisha naye. Nilikuwa nimemfuata mama, nimesimama nyuma yake kama kawaida yangu, mtu akinisalimia natazama viatu. Bibi akanitazama, akamwambia mama, "Huyu ana mdomo?"

"Anao, Bibi. Hautumii tu."

"Basi nipe huyu. Wenye midomo wamenitosha."

Tangu siku hiyo ananiita Kimya. Shuleni wakinisema kwamba nina kiburi kwa sababu siongei, au mwalimu akinisimamisha na jibu nalijua lakini halitoki, nakumbuka kwamba kuna mahali nilichaguliwa kwa sababu hiyohiyo. Tunachuma majani yeye upande huu wa waya, mimi upande ule. Inaweza kupita asubuhi nzima anaongea neno moja, "Hapo," akinionyesha jani nililoliacha. Majani yakianguka mengi miguuni yanatoa harufu kama ya chai iliyopoa. Nikifumba macho nasikia vidole vyake tu upande wa pili, tik, tik, tik, na mara nyingine sijui kama nimelala mimi au ni mizabibu.

Halafu kuna siku ya kuamsha. Wanapogoa, maji yanafunguliwa, na baada ya muda kila mahali palipokatwa panatoa tone. Mzabibu unalia, ndivyo wanavyosema wote, hata Dada Mtaalamu ambaye amesomea kilimo chuo kikuu. Tone jeupe kama maji ya kisima, linaning'inia, jua likilipiga mstari mzima unametameta. Bibi analikinga tone kwa kidole anajipaka kwenye kope. Mara moja alinipaka na mimi. Maji yalikuwa baridi. Nilingoja nione kitu cha ajabu, nikaona wanawake walewale, msitu uleule, ila mbali zaidi na polepole zaidi, na mpaka leo sijui kama ni yale maji au ni mimi nilivyotaka.

Msije mkadhani ni mtu mpole, sivyo. Ni mkali kama pilipili kichaa. Vichala vikiwa bado vichanga na vigumu, yeye anapita katikati ya mistari akiwaamuru watu wavikate vingine vidondoke, ili vinavyobaki vipate nguvu. Inauma kuona. Vichala vizima, vizuri, vinalala kwenye udongo mwekundu.

"Bibi, hiki nacho?" mama mmoja wa kutoka Daa aliuliza. Huyu mama ndiye anayeongoza kwa maneno shambani.

"Dondosha."

"Lakini ni kizuri jamani!"

"Nimekuuliza uzuri? Dondosha. Unataka kukioa?"

Watu walicheka mpaka wakashika waya. Bibi hakucheka. Yeye anachekesha kwa kuwa hacheki.

Na bado mtu huyohuyo anaogopa kinyonga. Nyati akishuka kutoka msituni na kuvunja nguzo, Bibi anachukua debe na fimbo anakwenda kulipiga debe usoni pake kama anamfukuza kuku. Lakini siku moja kinyonga mdogo, kijani, wa urefu wa kidole changu, alikuwa anatembea juu ya waya ile ya Sira kwa ule mwendo wao wa kufikiria. Bibi alipiga yowe mpaka walinzi wa getini wakaja. Alikimbia koti likabaki kwenye nguzo. Mama wa Daa akamtoa yule kinyonga kwa jani akasema, "Haya Bibi, dondosha." Kwa siku kadhaa Bibi hakuongea naye.

Jambo jingine ni kwamba divai haonji. Kanisani anapokea kikombe kama wengine, lakini ya shambani hata kuinusa hataki. Wageni wakija kutembezwa, yule kijana anayewaongoza huwaambia kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye mama wa divai zetu, na wao wanampelekea glasi, na yeye anaipokea kwa mikono miwili, anainama kidogo, na wakigeuka anammwagia Sheni. Nilimuuliza mara moja, kwa sauti ambayo nilifikiri hataisikia, anajuaje kuwa zabibu zimeiva kama haonji divai. Akachuma zabibu moja, akaila, akatoa mbegu kwenye ulimi akaiweka kiganjani mwangu.

"Tafuna."

Ilikuwa chungu, ikanikausha mdomo wote.

"Ya kijani hiyo. Bado. Ikiwa kahawia na ikapasuka kama karanga, ndiyo. Divai ni mambo ya kiwandani, wakajue wao. Mimi kazi yangu inaishia kwenye mbegu."

Sasa naandika ile sehemu nisiyoipenda.

Msimu huu aliopewa, kitalu cheusi alikipogoa peke yake. Kwenye vitalu vingine, kila tawi anaacha macho mawili tu, yaani vile vivimbe viwili ambavyo vitachipua, na mtu akiacha matatu anarudishwa mwanzo wa mstari mbele ya wenzake. Kwenye cheusi aliacha manne, matano, mahali pengine sita. Niliona. Wote tuliona. Tulifikiri anajua kitu tusichokijua. Mizabibu ilipochipua, ikachipua kama msitu. Vichala vikaja vingi mpaka waya zikapinda, mimi sijawahi kuona zabibu nyingi hivyo, nilikuwa nikipita pale jioni nikitoka shule kuangalia tu, kila kitu kimejaa, kimening'inia, kama mahali ambapo mtu amepaota.

Dada Mtaalamu alikuja akasimama. Ni mtu mwenye adabu, anamwita Bibi "mama yangu" na akisema naye anavua kofia.

"Mama yangu, ni vingi. Tupunguze nusu."

"Acha kwanza."

"Wewe ndiye ulinifundisha kudondosha. Vikibaki hivi sukari haitapanda, majani hayatoshi kuvilisha vyote."

"Nimesema acha, mwanangu. Akija avione."

Aliyekuwa anangojwa avione ni Mwenye Shamba. Na mama wa Daa, ambaye hawezi kuacha, akasema kutoka mstari wa tatu, "Bibi, vya wenzio unadondosha, vya kwako umevionea huruma!"

"Fanya kazi wewe."

"Nafanya. Ila nasema."

Mwenye Shamba alikuja, akaviona, akapiga picha kwa simu. Halafu siku ya kuvuna Dada Mtaalamu akaweka tone la maji ya zabibu kwenye kile kibomba chake cha kupimia sukari, akakielekeza juani akachungulia. Akafuta, akaweka la kichala kingine. Akaenda mwisho wa kitalu, akajaribu tena huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Bibi alikuwa ameshatafuna mbegu yake. Alikuwa ameitema, na nilimwona akiisukumia udongo kwa ncha ya buti, polepole, kama anaizika. Kwa hiyo alijua kabla ya kibomba.

Wengine wanasema uzee. Mama anasema alijisahau. Mimi sijui. Mtu anaweza kujua jambo kabisa, akawafundisha watu wote, na likija kwake mkono ukakataa. Mimi jibu la hesabu nalijua na mdomo unakataa. Labda ni hivyohivyo.

Mama ananiita nipeleke makande kwa Bibi. Naacha hapa.

*

Saa moja kasoro. Nimerudi.

Nyumbani kwake palikuwa pamefungwa. Nikajua aliko. Nikashuka na hotipoti ikiwa kwenye kanga, jua limeshaingia nyuma ya msitu na ule upepo wa Septemba wenye vumbi umetulia, vitalu vya juu vyote vimelala, vijiti vitupu, kijivu kwenye hewa ya kijivu. Cheusi ndicho kilichokuwa bado na majani. Hakuna aliyehangaika kukilaza. Yamekuwa mekundu kingoni, na kwa ule mwanga kidogo uliobaki kitalu chote kilikuwa kama makaa yanayozima.

Alikuwa amekaa chini, si kwenye kreti, chini kabisa, mgongo kwenye nguzo, miguu imenyooshwa kama msichana. Mkasi haukuwa mkononi. Kifundo chake kilikuwa na alama nyeupe mahali ambapo upindo wa kanga hukaa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Kimya. Mama yako kapika nini?"

"Makande."

"Ana chumvi sana mama yako. Kaa."

Nikakaa. Alikula kidogo, akafunika. Zabibu chache zilizokataliwa zilikuwa bado zinaning'inia juu yetu, zimekunjamana.

Halafu akasema, "Nilikata vibaya."

Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Nikaona aibu papo hapo.

Lakini alicheka. Ndiyo mara ya kwanza namsikia. Ni kicheko chembamba, cha mtu mdogo. "Wengine wote wananiambia hapana, Bibi, ni hali ya hewa. Wewe unasema ndiyo. Nilitaka ashangae, mwanangu. Nilitaka aje akute zimejaa mpaka akose pa kuweka mguu. Nikasema, nikiwaachia kidogo tu, jicho moja zaidi. Halafu jingine. Nilikuwa nawaona kama wanaomba."

"Kesho utakuja?"

"Kuja kufanya nini? Kesho nafua. Nina mablanketi tangu Julai."

Akachimbachimba udongo kwa kidole pale kwenye shina. Shina lenyewe ni nene kuliko mkono wake.

"Ila wewe uje," akasema. "Uniangalizie mizizi."

"Mizizi?"

"Mimi hawa nawajua kwa juu tu. Chini sijawahi kuwaona. Walipokuwa wachanga niliwanyima maji. Wenzangu walinisema, unawatesa. Nikasema waacheni, wakatafute wenyewe chini, watapata. Nilisema vile kwa kuwa nilisema. Sijui kama walikwenda kweli, au waliishi hapahapa juu kwa kuniogopa." Akanitazama. "Uangalie, halafu uje uniambie. Usinidanganye kwa kuwa ni mzee."

"Nitapimaje?"

"Sijui. Huna akili wewe? Si uko kidato cha tatu?"

Tulipanda wote hadi kwake, yeye mbele. Hakugeuka nyuma. Mimi niligeuka, lakini kulikuwa kumeshaanza giza na sikuona tofauti kati ya kitalu na udongo.

*

Ijumaa asubuhi.

Niliwahi kabla ya trekta. Nilisimama kwenye kona na mama wa Daa alipokuja na wenzake na majembe akasema, "Wee Kimya, umetumwa?" nikatikisa kichwa kukubali. Trekta lilikuja na mnyororo. Wanaume wanachimba kidogo kuzunguka shina, wanafunga mnyororo, dereva anavuta, mzabibu unatoka na kishindo kidogo na udongo.

Ya kwanza yote ilitoka na mizizi mifupi. Mafungu ya nywele tu, imekatika au imejikunja, urefu wa mkono. Mstari wa kwanza, wa pili. Nilipita kila mmoja nikainama. Nilianza kupanga kichwani nitamwambiaje, na kila maneno niliyoyapata yalikuwa ya uongo. Mama wa Daa aliniona. Hakutania.

Kisha kwenye mstari wa tatu mnyororo ulivutwa na mzabibu haukutoka. Dereva akarudi nyuma, akavuta tena, tairi zikazunguka. Wanaume wakachimba zaidi, wakacheka, wakasema huyu ana ndugu huko chini. Walichimba mpaka mmoja akaingia kwenye shimo mpaka kiunoni. Ulipotoka ulitoka polepole, mzizi mmoja mnene wa rangi ya chai ukafuata nyuma ya shina, ukaendelea kutoka, ukaendelea, na trekta lilikuwa limeshafika mbali, na mzizi bado unatoka.

Waliulaza kwenye udongo. Sikuwa na futi wala kamba. Watu wote walikuwepo, na Mwenye Shamba kwenye gari lake na Dada Mtaalamu kasimama pembeni. Nikajilaza chini kando yake, chali, visigino kwenye shina, mikono mbavuni. Udongo uliingia kwenye nywele. Nilisikia mtu anasema, "Huyu mtoto vipi?" na mama wa Daa akamjibu, "Mwache." Niliangalia juu, mawingu yalikuwa yanapita kuelekea kreta. Nikanyoosha mkono nyuma ya kichwa changu, taratibu, nikapapasa, nikaukuta mzizi, na nikaukuta tena mbele zaidi. Haukuwa umeisha.

Bibi alikuwa nyuma ya nyumba yake kweli anafua, povu mpaka viwikoni. Aliniona. Aliendelea kusugua, lakini polepole.

"Mingi ilikuwa mifupi," nikasema, kwanza hilo, kwa sababu aliniambia nisidanganye. "Wa mstari wa tatu, Bibi, nililala kando yake. Mzizi umenipita."

"Kwa kiasi gani?"

Nikainua mkono juu ya kichwa changu, juu kabisa, mpaka visigino vikaachana na ardhi, nikabaki hivyo.

Aliutazama mkono wangu kwa muda. Halafu akavuta blanketi kutoka kwenye beseni, zito, linatiririka, akanipa ncha moja.

"Shika huku," akasema, na tukaanza kulikamua, yeye akizungusha upande wake na mimi upande wangu.